Kizimba cha Bi Shamsa

Mimi Mwinyimvua ndiye mwenye gazeti, ofisi yangu iko Mchafukoge, na hasira zangu zinajulikana mpaka Buguruni. Jumatatu mhariri wangu, Maimuna, alinitumia ujumbe wa simu. Diwani Awadhi amewanyang'anya wanawake wa Kariakoo vizimba vyao vya biashara sokoni na kuwauzia wenye pesa. Muuza viungo mmoja, Shamsa, amekubali jina lake litoke. Habari isipotoka kabla ya Alhamisi, kizimba chake kinakwenda.

Nikamjibu, "Usitoe."

"Kwa nini, bosi? Ushahidi upo."

"Juzi tu Awadhi kabeba jeneza la mama yangu. Kaleta maturubai, kaleta mabasi ya makaburini. Leo nimvue nguo hadharani?"

"Huyu mama ametuamini."

"Gazeti la nani?"

"Lako," akaandika. Nami nikajiona nina utu.

Ijumaa dada yangu Mgeni akaja nyumbani Upanga amenuna. "Shamsa kafukuzwa kizimbani," akasema.

"Shamsa gani?"

"Shamsa aliyemuosha mama. Wewe ulikuwa nje na wakubwa wako, utamjulia wapi? Mimi nilianza, nikashindwa. Yeye akamuosha mama mpaka mwisho, hata nauli akaikataa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaenda Kariakoo, nikamuulizia. Nilimkuta barabarani, iliki na karafuu zake juu ya kiroba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe si kaka yake Mgeni? Poleni na msiba." Hakujua kwamba gazeti ni langu. "Nilikuwa na kizimba pale ndani. Binti mmoja wa gazeti aliniahidi yataandikwa. Kila asubuhi naenda kumuuliza muuza magazeti. Labda na mwenye gazeti kafiwa, maana mtu hakai kimya hivi hivi."

Nilitaka kusema ni mimi. Badala yake nikatoa pesa, nikaomba iliki. Akanifungia iliki, akasema ni ya pilau ya arobaini ya mama, na pesa yangu akairudisha. Nikapokea, mtu mzima na ndevu zangu.

Mwisho wa mtaa nikasimama, nikamwandikia Maimuna, "Toa kesho. Andika pia kwamba mimi ndiye niliyeizuia, na sababu yake."

Akajibu, "Sawa, bosi. Na Bi Shamsa asome gazetini, au utamwambia mwenyewe?"

Nilikuwa bado namwona pale barabarani, anampimia mteja karafuu. Nikaanza kurudi.