Sishikamoo

Usiku wa jana niliota, na kabla hujasema ni kiporo cha maharage, nililala na uji mtupu.

Nafungua mlango wa bafu nyumbani kwetu Tanga, na badala ya bafu nakuta geti la hospitali. Getini imekaa ndoo yetu ya plastiki, ile yenye koki, tuliyoinunua mwaka wa korona. Imevaa kofia ya mlinzi.

"Nawa," ndoo ikasema.

"Nimetoka kuoga sasa hivi."

"Mbwana, usinichoshe. Mwaka ule jirani akipiga chafya tu, nyumba nzima mko kwangu. Ugonjwa ulipopungua mkanitia viazi. Nawa."

Sikuona faida ya kugombana na ndoo. Nikanawa. Maji yanatiririka, na mistari ya viganja vyangu inaondoka nayo, kwanza ile mirefu, kisha midogo, mpaka viganja vinabaki laini kama sahani. Ndoo ikachungulia.

"Sasa huna bahati wala mkosi. Pita."

Nilikuwa nimekuja kumwamkia Bibi Mwanakombo, mzaa mama. Nilijua vizuri kwamba amekwisha kufa, ila ndotoni jambo hilo halikunizuia. Bibi hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu. Ukimkuta anaswali, akimaliza tu anakutafuta nyumba nzima akuitikie. Kisha korona ikamlaza. Alikwenda hospitali na hina miguuni, kwa sababu, alisema, haendi kwa watu miguu mitupu. Sisi tulizuiwa kuingia. Nesi mmoja, Mungu amlipe, alimwekea simu sikioni, na mama akasema, "Shikamoo, mama." Tukasikia mashine tu. Kesho yake tulisimama mbali, tukawatazama watu waliovaa mavazi meupe wakimshusha kaburini.

Tangu siku hiyo mama anaamini bibi aliondoka amenuna kwa kuachwa peke yake. Ukimwambia ulikuwa ugonjwa wa kuambukiza, anajibu, "Najua. Lakini hakuitikia." Hapo roho huniuma.

Basi napita. Kipimajoto kinanilenga kwenye paji la uso.

"Homa huna," kikasema. "Una huzuni, lakini mimi sikutengenezwa kupima hiyo."

Ukumbi unageuka kuwa darasa langu la shule ya msingi, na madawati ni vitanda. Madirisha yote yako wazi, nayo yanapumua. Yakivuta pumzi, mapazia yanaingia ndani. Yakiitoa, mapazia yanatoka nje. Wagonjwa wenyewe hawapumui. Wameyaachia madirisha kazi hiyo, wametulia na barakoa zao, wananitazama.

Nesi anapita karibu na mzee mmoja. "Sishikamoo, babu."

"Simarahaba, mjukuu wangu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Kule mwisho, chini ya ubao, namwona bibi ameketi kitandani na barakoa aliyoishona kwa kipande cha kanga yake. Nikapiga hatua. Futi ya fundi cherehani, ile ya njano, ikajinyoosha sakafuni mbele yangu.

"Mita mbili," ikasema. "Unataka nini?"

"Nimpe bibi yangu shikamoo."

"Marufuku. Shikamoo maana yake nashika miguu yako. Humu hatushikani. Sema sishikamoo."

"Bibi yangu hawezi kuamkiwa hivyo. Ataniuliza nimelelewa na nani."

"Watu walishikana mikono misibani, wakazikana," futi ikasema. "Mimi sina ubaya na bibi yako. Napima tu."

Ningerudi, lakini nilimkumbuka mama na ile simu yake. Nikasimama palepale, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, bibi."

Mkono wangu wa kulia ukaanza kurefuka. Haukuuma. Ulishuka, ukatambaa chini ya vitanda kimoja kimoja, mgonjwa fulani akainua ndara zake kuupisha, mpaka ukaifikia miguu ya bibi ukaishika. Hina ilikuwa mbichi bado. Miguu ilikuwa ya moto, na mimi nikaogopa kuliko ambavyo ningeogopa kama ingekuwa baridi.

Futi ikajipima mara mbili. "Mwili haujasogea," ikasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi. "Mita mbili zipo."

Ndipo madirisha yote yakabana pumzi kwa pamoja. Mapazia yakasimama. Nikaelewa kwamba yanamwachia bibi ile hewa.

"Marahaba, mume wangu," bibi akasema. Barakoa haikutikisika hata kidogo. "Mkono wako baridi. Mama yako hakupi uji?"

"Ananipa, bibi."

"Mwambie hivi. Pumzi ndiyo ilikuwa haba, si marahaba."

Nilitaka kumwuliza kama palikuwa na mtu aliyekaa naye usiku ule. Lakini madirisha hayawezi kubana pumzi milele. Yalipoitoa, ilinipeperusha mpaka kitandani kwangu.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka. Nikamkuta mama jikoni anamenya viazi, ndoo ile iko pembeni yake, haina kofia wala haina habari na mtu. Nikanyoosha mkono nichukue kisu nimsaidie. Mama akaudaka, akaufungua.

Kiganja kilikuwa safi. Mistari tu ndiyo iliyokuwa imekolea rangi, ile mirefu na ile midogo, yote myekundu ya hina. Nyumbani kwetu hakuna aliyepaka hina tangu msiba ule.

Mama aliunusa mkono. Sikuwa nimemwambia neno lolote.

"Alikuitikia?" akaniuliza.

"Ameitikia, mama. Anasema pumzi ndiyo ilikuwa haba, si marahaba."

Alicheka, kile kicheko ambacho katikati yake hugeuka kilio. Alilia mpaka akachoka, akajifuta kwa upindo wa kanga, akanimiminia uji. Nami nikaenda bombani kunawa, kama tulivyofundishwa.

"Mwanangu," mama akaniita. "Leo usinawe."