Jino la Kuchekea

...na kalamu ya daktari imesimama juu ya karatasi, haiandiki wala haishuki, "Nani alikuwekea?" na Mwanaidi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, mkoba wa mwanawe mapajani, anajibu moyoni kabla hata hajaulizwa, kwani nani hajawekewa, Mpapura nzima imewekewa, watoto, wazee, wake za viongozi, na wote walirudi kwao wakala ugali wa muhogo siku hiyo hiyo, mbona hilo hawaliandiki... Riziki amelazwa kwenye kile kiti kirefu, mdomo wazi, pamba shavuni, taa inammulika kama mwizi aliyekamatwa, na jino lenyewe la mbele, la kuchekea, limegeuka kijivu, ufizi juu yake umebabuka, umefanya kijipu, na daktari, Witness jina lake, limebandikwa kifuani, msichana tu huyu, hajafika hata thelathini, anasema polepole, "Halikuacha kuuma kwa sababu limepona, dada yangu, limeacha kwa sababu mshipa umekufa ndani, sasa umeoza na usaha unatafuta njia, tutatoboa tusafishe mzizi mpaka nchani, na ikishindikana tutang'oa, ila lazima nijue kimeingia nini humo, na mara ngapi," halafu, bila hata kupandisha sauti, "wewe ni wa nne mwezi huu kutoka Mpapura, wote ufizi umeungua hivi hivi."

Wanne. Mzee Faraji mmoja, mke wa Mustafa wa pili, na wa tatu ni nani, Sharifa labda, yule aliyemletea jogoo wa shukrani, jogoo mkubwa kweli, kumbe jogoo kaliwa na Sharifa kaja kulala kwenye kiti hiki, wala hakusema, watu wa Mpapura hawana makelele, wanakushukuru usoni na kuumia kwa siri... lakini Mwanaidi alifundishwa na mama yake, hakuokota njiani, unachoma korosho kwenye bati, ganda linatema, unakinga yale mafuta meusi yanayobabua vidole vya wabanguaji, unaviringa pamba kwenye kijiti cha mbaazi, unachovya, unagusa tundu la jino mara moja tu, mtu anaruka, machozi yanamtoka, unamshika kichwa unamwambia vumilia, vumilia, halafu kimya, na kwa ajili ya kimya kile ndiyo maana watu wanampisha kisimani na kumwita Bi Mwanaidi, yeye ambaye mumewe alimwacha na mikorosho kumi na miwili na jina la bure. Wanataka sababu? Waandike zote basi, hiyo karatasi haitoshi, waandike zahanati ina dawa ya kutuliza maumivu na ushauri wa kupiga mswaki, waandike ukija mjini na tundu dogo kama punje ya mtama unaambiwa vifaa vya kuziba vimekwisha, njoo Jumatatu, Jumatatu mtaalamu yuko semina, Jumatatu nyingine nauli hamna na mvua imekata njia, ukija mwezi wa tatu unaambiwa mama, mnachelewa sana nyie, hili ni la kung'oa tu, mnachelewa, kana kwamba mtu anaona raha kukaa na moto mdomoni... sasa katikati ya Jumatatu na Jumatatu mtu afe? Aje kwa Mwanaidi, anakuja kwa Mwanaidi, na Mwanaidi hajamwambia mtu yeyote vifaa vimekwisha.

"Nilijiwekea mwenyewe," Riziki anasema, maneno yanamtoka mazito kwa sababu ya ganzi, na Mwanaidi anahisi kitu kinamchoma kifuani, si shukrani, ni hasira, nani kamtuma huyu amfichie mama yake... "Mwenyewe?" daktari anauliza, "Tundu liko nyuma ya jino, dada, uliliona vipi?" Riziki anatazama dari. Hivi hivi ndivyo alivyonyamaza siku ile ya msimu, alipokuja kutoka kwa mumewe ameshika mdomo, akasema mama, nataka niende hospitali ya mjini wakalitazame, na Mwanaidi akasema korosho zinaanguka, nani ataokota, tena wakakung'oe, binti wa miaka ishirini na miwili mwenye pengo mbele, hao wa kwa mumeo watakuchekaje, lala hapa, na mtoto akalala, akaweka kichwa kwenye paja la mama yake, akafumba macho kabla hajaambiwa. Mara tatu. Ndiyo, mara tatu, ya kwanza haikutosha, naye alisema inatosha mama, na mama akasema bado kidogo.

"Mama," daktari amemgeukia yeye sasa, sauti bado ya adabu, "wewe unamfahamu aliyemwekea? Simtafuti nimpeleke polisi. Nataka aache." Aache. Rahisi kusema ukiwa na koti jeupe na taa. Luisa anakuja leo baada ya alasiri, Luisa wa ng'ambo ya Ruvuma, anamleta Claudia wake, ana miaka minane, hajalala siku tatu kwa gego, na Mwanaidi amempa ahadi, mafuta yapo tayari kwenye kopo, Luisa atamshika mikono na yeye kichwa, na akimwambia Luisa nenda mjini, mjini watamwambia njoo Jumatatu... si ndiyo? Aseme hivyo. Aseme yote, amuulize huyu msichana alikuwa wapi miaka yote hiyo, ana haki ya kuuliza, maneno yamejaa mdomoni, daktari, sisi tungefanyaje, hatukuwa na njia nyingine, hiyo ndiyo dawa yetu, hata mimi mwenyewe... na hapo yanakwama. Hata yeye mwenyewe nini. Mkuki kwa nguruwe, anaanza kujiambia, wala hamalizi. Mwaka juzi gego lake yeye liliuma, la chini, kulia, akavaa baibui lake la safari, akawaambia majirani anakwenda kwenye hitima Mikindani, akapanda gari la asubuhi mpaka mjini, akakaa kwenye benchi pale nje na wagonjwa wengine, wakamwambia vifaa vya kuziba hakuna, akasema basi ng'oeni, wakang'oa, akarudi na kitambaa mdomoni akasema limeng'oka lenyewe, utu uzima huo. Hakujiuliza kwa nini. Asubuhi ile kabla ya kuondoka bati lilikuwa motoni, ganda linatema, pamba ilikuwepo, kijiti kilikuwepo, na jirani angekuja kumshika kichwa kama angeitwa, nao ulimi wake wenyewe ulikuwa ukilipapasa lile tundu, ukilipapasa, na yeye akaliepua bati, akalisogeza kando kwa mguu, mbali na pindo la baibui lisije likadondokewa.