Hebu Itume Tena

Siku niliyotuma barua pepe ya maombi ya ukarani wa masjala, mwalimu wa darasa la jioni la kompyuta alisimama nyuma yangu, akaniacha nibonyeze mwenyewe. Darasa zima likapiga makofi, hata fundi saa ambaye mpaka leo anatafuta herufi kwa kidole kimoja.

Nafasi zilikuwa mbili, katika ofisi ileile ninayopiga deki. Karani anaingia saa mbili asubuhi. Mimi naingia saa kumi na moja alfajiri, namwacha mwanangu kwa jirani akiwa amelala, na nikitoka darasani nakuta amelala tena. Wiki ile alimwita jirani "mama". Jirani akacheka, akasema watoto ndivyo walivyo. Nami nikacheka. Nilichotaka ni hiyo saa mbili tu, nitoke nyumbani mwanangu akiwa macho.

Katibu wa ofisi tunamwita Mama Mihuri, maana hakuna karatasi inayopita bila yeye kuigonga. Baada ya siku tatu nikamuuliza, ndoo mkononi.

"Haijafika. Hebu itume tena."

Nikatuma. Wiki iliyofuata nikauliza.

"Haijafika, mwanangu. Au uliituma kwa fagio?"

Wahasibu wawili wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nikaifuta. Jioni nikatuma ya tatu, juu yake nikaongeza: samahani kwa usumbufu.

Jumatatu nikiwa nakausha ngazi, simu ikatetemeka kwenye aproni. Imetoka ofisini! Kuhusu Ombi Lako. Ndani mstari mmoja: tafadhali soma barua iliyoambatishwa. Barua yenyewe haikuwepo. Nikazima simu, nikawasha, wapi. Nikajiambia, mtu hasahau hivi kwa habari mbaya. Ni furaha hiyo imeharakisha mikono.

Saa nne Mama Mihuri akaniita. "Kafute meza za masjala. Karani ameanza leo, binti wa kaka yangu. Mbona umeganda? Vumbi halijifuti."

Meza moja alikaa huyo binti. Ya pili ilikuwa tupu. Nikaanza na hiyo tupu, taratibu, mpaka miguuni.

"Dada, samahani," binti akaninong'oneza, "unajua kompyuta? Barua niliyokwisha kuituma, naitumaje tena? Waombaji wote nimewaambatishia, mmoja nikamsahau. Shangazi akijua ataninyonga."

Nikafuta mikono, nikainama. Kwenye zilizoingia nikaziona zangu zote tatu, kila moja na tarehe yake, nyeusi tii, jinsi zinavyokaa zisizofunguliwa.

"Na hizi?"

"Hizo shangazi kasema nisizifungue, nijibu tu, eti za mtu anayejaribu bahati."

"Fungua zilizotumwa."

Akafungua. Anwani ya huyo aliyesahauliwa ilikuwa na jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa. Niliichagua mwenyewe, darasani, siku ya kwanza.

"Sasa faili sijui nimeliweka wapi," akasema. "Nisaidie, dada yangu, nakuomba."

Nikashika kipanya. Faili nikalipata. Mwalimu ametufundisha tusiambatishe kitu bila kukifungua kwanza, basi nikafungua. Tunasikitika kukujulisha kwamba nafasi zote mbili zimeshajazwa.

Nikageuka nikaitazama ile meza ya pili, inang'aa.

"Ndiyo yenyewe?" binti akauliza.

"Ndiyo."

"Bonyeza basi, kabla shangazi hajaingia."

Nikaambatisha. Nikahakikisha anwani, maana ndivyo tulivyofundishwa. Nikabonyeza.

Simu ikatetemeka kwenye aproni.

"Loo, ahsante!" Binti alikuwa anacheka, roho imemrudia. "Mikono ya ukarani kabisa hiyo, dada. Mbona hukuomba?"