Leo ni Mafunzo Tu

…na bado anatabasamu, huyu Michelle, mgeni aliyekuja kutufunza usafi wa meno, kainama mbele yangu na meno ya plastiki mkononi, makubwa kama ya punda, anayafumba na kuyafumbua mbele ya wanawake wote wa Kizingitini, "Mama, hebu tuonyeshe vile wewe hupiga mswaki," na mimi shavu limevimba hadi jicho halifunguki, haoni?, au anadhani nimezaliwa hivi, mswaki ninao, ndiyo, tumegawiwa sote pale mlangoni mwa darasa, nilipomwambia nimekuja kung'olewa jino akanijibu leo ni mafunzo tu, mama, daktari yuko Lamu, kana kwamba sijui daktari yuko Lamu, kana kwamba Lamu ni nyumba ya pili, petroli ya boti atatia nani, na ukifika huko hujafungua kinywa washakuuliza utalipa na nini… "Bi Radhiya, fungua kanwa, wageni wangoja," huyo ni Bwana Madi, mzee wa mtaa, kanzu kaipiga pasi kwa ajili ya picha, fungua lako wewe, Madi, wewe uliyetangaza msikitini kwamba madaktari wa meno waja, wenye maumivu na waje, nami nikaja nikishika kuta za watu njia nzima… jana Uthman, mume wangu, kachukua koleo la mashine ya boti, akalifuta kwa leso yangu, akaniita, "Ndoo nikung'owe, ni mara moya tu," nikamfukuza kwa mwiko, maskini, hata yeye nilimchukia, namchukia kila mwenye kinywa kizima… na kaka yangu Barka alianza hivi hivi, shavu, kisha taya, kisha shingo, tukamwekea karafuu, tukamsomea, hadi aliposhindwa kumeza mate yake ndipo watu wakachanga nauli, akakata roho gatini, boti hajaipanda, wakasema amri ya Mungu, nami nikasema amri ya Mungu, innalillahi, lakini si Mungu aliyemnyima daktari, kuna waliomnyima… "Usiogope, mama, haiumi," haiumi!, plastiki itaumaje, hebu asogee anuse usaha huu… na pale dirishani boti yao inacheza juu ya maji, inarudi Lamu wakishakula, maboksi waliyoleta yamekwisha shushwa, viti vi vitupu, nafasi yangu ipo, na ya mwingine, na ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeniambia panda, wala mimi sikuomba, nilikuwa nikishukuru, tangu asubuhi nashukuru tu kama mjinga… basi siombi, wakienda kula mimi naenda kuketi mle ndani ya boti yao, Madi aniite majina yote ayajuayo, wanishushe kwa mikono yao, mbele ya kamera zao, nione nani atathubutu kunishika… "Mama?" anasema Michelle, bado kainama, bado anatabasamu, "Mama, uko tayari?"