Siku Kivuli Alipohama na Mkeka Wake

Jana mchana niliota Kivuli anahama. Usicheke. Nilikuwa nimeshiba wali kwa samaki, jua la kaskazi limesimama utosini, nikajibwaga mkekani na usingizi ukanichukua mzimamzima.

"Hodi," akasema Kivuli mlangoni. Amekunja mkeka wake, kauweka kwapani.

"Karibu."

"Sikaribii, nakuaga. Nahamia upande wa mashariki wa nyumba. Jua limenifukuza huku."

"Na Bafta je?" Bafta ni sungura wangu mweupe. Asubuhi niliweka kizimba chake uani, upande wa magharibi, kwa huyuhuyu Kivuli.

"Uliniambia nikae naye asubuhi. Ya mchana hukuniambia," akanijibu, akaenda zake.

Moyo ukanilipuka paa! Bafta ndiye wa mwisho katika kizazi cha sungura wa marehemu bibi yangu, Bibi Kazija wa Pangani, aliyenilea. Wengine wote wamekwisha. Nikakimbilia mlango wa uani, nikaufungua, na badala ya uani nikaingia jikoni kwa Bibi, kulekule Pangani, nyumba iliyobomolewa zamani.

Bibi yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hana habari kwamba amekufa. Pembeni yake Kivuli amekaa, anakunywa kahawa.

"Mume wangu, karibu ule," Bibi ananiambia, kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mtoto. Jamani, niliisikia sauti ile nikataka kulia.

Naketi, nanyoosha mkono kwenye sinia. Wali unarudi nyuma.

"Umeshahamisha wanyama?" wali unauliza.

Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Hakuna aliyeonja tonge mchana mpaka vizimba vihamishiwe kivulini, magunia ya kuvifunika yaloweshwe, na maji ya kunywa yabadilishwe. Ila zamani wali ulikuwa unanyamaza, ukimwachia Bibi aseme.

"Leo nimekula kwanza," nasema.

"Makubwa!" Wali unajifunika kawa.

"Mimi nina barafu," inasema sauti nyuma yangu. Ni friji yangu, imenifuata kutoka nyumbani ikiburuta waya wake.

"Ulimpa Bafta?" mtungi wa Bibi unaiuliza.

Friji ikafunga mlango wake taratibu.

Hapo Bafta akaingia kwa miguu miwili. Masikio yake yamekuwa marefu kama kanga zilizoanikwa, yanafuka moshi.

"Shikamoo, Bibi," anasema. "Mumeo ameniacha juani."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione." Anamshika masikio. "Lo! Hata chungu hakijachemka hivi."

Anachota maji mtungini, maji yaliyofukizwa ubani, analowesha ncha ya kanga yake na kumpangusa masikio polepole, kama alivyokuwa akinipangusa mimi uso nikiwa na homa. Nikamwonea Bafta wivu. Nikasogea nami, nikatoa uso.

"Bibi, niache nikae huku."

"Hebu toka hapa!" Ananisukuma kwa kiwiko. "Wewe unaota tu, mwenzio anaungua kweli. Amka!"

Nikaamka. Nikatoka mbio pekupeku, saruji ya uani ikanichoma nyayo. Kizimba kiko juani, bakuli la maji limekauka, Bafta amelala ubavu, mbavu zinakwenda mbio. Nikambeba mpaka upande wa mashariki, na kweli, Kivuli alikuwa pale kama alivyosema.

Nikamwekea maji. Kwanza aliyatazama tu. Kisha akanywa, akanywa tena, akatikisa pua, nami nikashusha pumzi.

Nikachovya kitambaa nimloweshe masikio. Nilipoyashika, nikayakuta yamekwisha lowa, tena ya baridi. Nikanusa. Ubani.

Kwangu hakuna mtungi wala chetezo cha kufukizia ubani. Nikaketi palepale chini, Bafta kifuani, pua yangu sikioni mwake, mpaka harufu ile ikaisha yote.