Kichaka cha Lusia

Watu wa Mlandege wana huruma, hilo halina ubishi. Kasoro yake ni kwamba huruma hiyo hutembea na panga.

Lusia alikuwa na mti wake mdogo nyuma ya nyumba, ameulea miaka mingi. Aliuchimbua ungali mche mlimani kwao, upande wa Kilolo, siku ndugu zake walipofyeka msitu wapande misindano ya mbao. Utotoni mlima ule ulikuwa ukichanua maua ya zambarau ya miti hiyo, na mama yake akiyapeleka altareni. Sasa hayaonekani tena. Alizunguka bustani zote za miche akitafuta mwingine kama huo, akaambulia mawaridi. Mumewe, Ezekia, aliuita kichaka cha nyoka, na kila Jumamosi alitishia kuukata. Lusia akamwambia akithubutu atajipikia mwenyewe. Mti ukasalimika.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ukatoa vitumba. Lusia alikuwa akivikagua kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Kabla havijafunguka, Ezekia akaanguka kazini, akafa.

Mjane hukaa ndani, juu ya godoro, katikati ya wanawake; hatoki, wala haamui lolote. Lusia alikaa macho makavu, na wanawake wakaanza kutazamana. Mara akasikia panga kule nyuma.

"Wanakata nini?"

"Wanasafisha mahali pa kufunga turubai," alisema Rozalia, jirani yake. "Tulia, dada."

"Waambieni waache! Mti wangu!"

Akainuka. Rozalia akamkumbatia, akamrudisha godoroni. "Uchungu huo, mwacheni alie."

Lusia akapiga yowe. Alilia mpaka sauti ikakauka, na chumba kizima kikalia naye, kimeridhika. Kumbe alimpenda mumewe, walinong'onezana. Naye alijichukia kwelikweli, maana mume hakumtoa chozi, mti ndio uliomtoa.

Jioni shemeji yake, Danieli, akaja kuchuchumaa mlangoni, mikono imejaa utomvu.

"Pole, shemeji. Uwanja uko safi. Kile kichaka kilichokuwa kinamkera marehemu tumeking'oa na mizizi yake, matawi tumeyatia motoni. Sasa kaka atapumzika."

Wanawake wote wakamgeukia Lusia, wakingoja. Mfiwa hushukuru.

"Asanteni," akasema. "Mmenisaidia sana."