Chumba cha Vioo

Mdogo wangu alipopandishwa Chumba cha Vioo, mama alihakikisha mtaa mzima umejua. Shuleni kwao wanafunzi wa darasa la mwisho hugawanywa kwa matokeo ya kila mwezi. Wanaoongoza wanakaa jengo jipya lenye madirisha ya vioo yasiyofunguka. Waliobaki wanakaa banda la zamani lenye kuta za matofali ya matundu. Vumbi linaingia, na upepo nao unaingia.

Mimi niliishia shule ya msingi, nashona. Mwalimu mkuu aliniita nikapime mapazia, maana jua la asubuhi lilipiga ubao, maandishi yasionekane. Niliingia kipindi kikiendelea. Hewa ilikuwa nzito kama ya ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mashine ya kupoza hewa ilikuwa ukutani, bado na nailoni yake, kwa kuwa umeme wa shule hauiwezi. Watoto walikuwa wanasinzia macho wazi. Mdogo wangu alikuwa amelaza shavu juu ya daftari, kola imelowa jasho.

"Mwalimu, hapa hapafunguki hata kidogo?"

"Dada, hili ni jengo la kisasa. Wewe pima mapazia."

Nikapima.

Mwezi ule mdogo wangu akaporomoka, akarudishwa bandani. Mama akamnunia, chai akawa anammiminia bila kumtazama.

"Umepewa kiti, umekigeuza kitanda," alimwambia.

Lakini kule bandani kichwa kilichokuwa kikimuuma kwenye vioo kikatulia. Akawa anarudi nyumbani anasimulia hesabu kama mtu anayesimulia mpira. Mwezi uliofuata akaongoza wote. Zawadi yake ikawa kurudishwa kwenye vioo, na humo ndimo angefanyia mtihani wa kuingia sekondari.

Nilimwambia mama tukaombe aachwe bandani.

"Nikaombe mwanangu ashushwe? Wewe uliishia msingi, usimvute mwenzio miguu."

Nikamfuata mdogo wangu uani, anafua soksi.

"Mwambie mwalimu kichwa kinakuuma mle ndani."

"Wakinirudisha bandani wataniita Vumbi tena, dada."

"Si jina tu?"

"Kwa sababu huitwi wewe."

Siku ya mtihani jua lilikuwa kali, wakafunga mapazia yangu, joto likabaki ndani na watoto. Nilimsubiri getini. Alitoka midomo imemkauka.

"Zile hesabu nilikuwa nazijua," alisema. "Nasoma swali, nikifika mwisho nimesahau mwanzo. Nyingine sikuzifikia kabisa."

Hakuchaguliwa. Mama alisema ni uvivu, na mwalimu mkuu alisema hivyo hivyo, ila kwa maneno marefu zaidi.

Kesho yake nilimkalisha kwenye cherehani nikamwonyesha kutunga uzi. Alielewa mara moja. Nilimtazama anavyoelewa upesi, nikatoka nje kidogo.